Nortek Vector kwa kazi ya mashapo: kinapofaa na kinapodanganya

Anayetaka kujua tu mkondo una kasi gani kwa wastani asihangaike na Vector. Vipo vifaa nafuu zaidi vinavyofanya kazi hiyo bila usumbufu. Kifaa hiki cha kampuni ya Nortek ya Norway, kinachopima mwendo wa maji kwa sauti, kinaanza kuwa na thamani swali linapokuwa jingine: mchanga wa sakafu ya bahari unaanza kutembea lini hasa, na ni msukumo wa aina gani unaoung'oa. Kwa swali hilo, vifaa vya kushushwa baharini vinavyokishinda ni vichache. Tatizo ni kwamba majibu yake huharibika kirahisi mno, na mara nyingi anayeyaharibu ni aliyekifunga kwenye fremu na kukipangia mipimo.

Tuanze na kinachotafutwa, la sivyo sifa zilizoandikwa kwenye karatasi ya kifaa hazimsaidii mtu. Maji yanayopita juu ya sakafu huikwaruza, na mkwaruzo huo huhesabiwa kwa paskali, yaani nguvu kwa kila mita ya mraba. Tangu Albert Shields alipotoa tasnifu yake Berlin mwaka 1936, wahandisi huulinganisha mkwaruzo na uzito wa chembe ukiwa majini. Uwiano ukifika kati ya 0.03 na 0.06 hivi, chembe huanza kusogea. Kwa mchanga wa milimita 0.2 kwenye maji ya chumvi, kizingiti kinaangukia takriban paskali 0.15. Ukigawanya hiyo kwa densiti ya maji na kutafuta mzizi wa pili, unapata kile kinachoitwa kasi ya mkwaruzo: sentimita 1.2 kwa sekunde. Namba hiyo ndogo ndiyo inayosakwa, wakati mkondo wenyewe, mita moja juu ya sakafu, unapita kwa sentimita 30 na ushee kwa sekunde.

Na chembe haijui wastani. Karibu na sakafu, mwendo wa kwenda mbele hupanda na kushuka kwa kiasi cha mara mbili hadi mbili na nusu ya kasi ya mkwaruzo. Ule wa juu na chini kwa mara moja na robo hivi. Kwa mchanga wetu hiyo ni kama sentimita 3 kwa sekunde mbele na nyuma, na 1.5 juu na chini. Mabadiliko hayo hayaji ovyo. Mwaka 1967 Kline na wenzake wa Stanford, wakitumia viputo vidogo vya haidrojeni, walionyesha kwamba karibu na ukuta maji ya polepole hujipanga kama mistari, kisha hunyanyuka na kupasuka. Leo tunayatenganisha matukio mawili. Kuna mfyatuko, pale maji ya polepole yanaporuka kutoka sakafuni kwenda juu, na kuna mfagio, pale maji ya kasi kutoka juu yanaposhuka na kusukuma mbele. Mfagio ndio hasa unaobingirisha chembe nzito. Mfyatuko hubeba juu zile zilizokwisha kulegea. Heathershaw na Thorne walilithibitisha hilo baharini kwa njia ya kupendeza: walisikiliza kelele za changarawe zikigongana chini ya mkondo wa maji kupwa na kujaa, wakaona zinaendana na mifagio. Ilichapishwa katika Nature mwaka 1985. Baadaye, mwaka 2008, Diplas na wenzake waliongeza katika Science kwamba ukubwa wa nguvu peke yake hautoshi. Ni lazima nguvu idumu muda wa kutosha kuitoa chembe kwenye kishimo chake, kwa hiyo kinachohesabika ni nguvu mara muda.

Kifaa cha kazi hii basi lazima kione mwendo katika pande tatu, mara nyingi kwa sekunde, mahali padogo, karibu na sakafu, bila kuyavuruga maji yanayopimwa. Vector kinatimiza yote hayo. Kichwa cha katikati hutuma mapigo ya sauti ya megahezi 6 yakiwa jozi jozi, na mikono mitatu inayokizunguka hupokea mwangwi kutoka kwa vumbi lililomo majini. Tofauti kati ya mwangwi wa kwanza na wa pili ndiyo inayotoa kasi. Mahali panapopimwa, ambapo kuanzia hapa tutapaita kipimo, ni kipande cha maji chenye kipenyo cha milimita 15 hivi, kilichopo karibu sentimita 15 mbele ya kichwa, kwa hiyo vyuma vyenyewe havimo ndani ya kipimo. Kinapima mara 1 hadi 64 kwa sekunde, na mtengenezaji anatoa usahihi wa asilimia 0.5 ya kasi iliyopimwa, jumlisha au toa milimita 1 kwa sekunde. Tena hakidai kusawazishwa upya kila msimu: mradi mikono haijapinda, hesabu ya kiwandani inabaki kweli.

Jambo moja watu hulisahau. Kinachopimwa ni mwendo wa chembe zinazoelea, maji tunayakisia kupitia kwao. Tope jepesi hufuata maji bila ubishi. Mchanga wa milimita 0.2 unazama kwa zaidi ya sentimita 2 kwa sekunde, na ukijaa kwenye kipimo, mwendo wa juu na chini unaousoma umeshachanganyika na uzamaji wake.

Sasa ufungaji, na hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Swali la kwanza ni kimo. Wengi hutaka kushusha kipimo kadiri inavyowezekana, wakiamini kuwa karibu na mchanga ndipo ukweli ulipo. Ukubwa wa mizunguko ya maji inayobeba mkwaruzo hupungua kadiri unavyokaribia sakafu. Kwa kadirio la haraka ni asilimia 40 ya kimo. Kimo cha sentimita 15 kina mizunguko ya sentimita 6, na kipimo cha sentimita 1.5 kinaiona vizuri. Sentimita 3 juu ya sakafu mizunguko ni ya sentimita 1.2, midogo kuliko kipimo chenyewe, hivyo kifaa kinaichanganya na kuifuta, na mkwaruzo unatoka mdogo kuliko ulivyo. Kichwa kikikaa sentimita 30 juu ya sakafu kikiangalia chini, kipimo kinatua kwenye sentimita 15, na hapo panatosha sehemu nyingi zenye mchanga.

Hesabu hiyo hiyo inaamua mara ngapi upime. Maji yakipita kwa sentimita 30 kwa sekunde, huvuka kipimo cha sentimita 1.5 kwa moja ya ishirini ya sekunde. Kupima mara 64 kwa sekunde katika maji hayo ni kurekodi kelele na kula betri. Weka 16, au 32 kama mkondo ni mkali. Mkupuo, yaani kipindi kimoja cha kupima mfululizo, wa dakika 10 kwa mara 16 kwa sekunde unakupa vipimo 9,600. Unatosha kukamata mifagio mingi, na bado ni mfupi kiasi kwamba mkondo wa maji kujaa haujabadilika sana katikati yake. Mkupuo wa dakika mbili haufai, kwa sababu matukio makubwa machache ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mkwaruzo, na ukiyakosa mawili au matatu jibu linayumba.

Upeo wa kasi unachaguliwa kwenye programu kabla ya kushusha, nao ni mtego wenye pande mbili. Ukiweka mpana, kelele inaongezeka, kwa kuwa kelele hukua pamoja na upeo. Ukiweka mwembamba, kasi inayozidi upeo hujigeuza: rekodi inaruka ghafla kutoka chanya hadi hasi na kurudi. Jumlisha mkondo wa juu kabisa unaotarajiwa na mwendo wa mawimbi sakafuni, ongeza nusu yake kwa ajili ya msukosuko (ule mwendo unaopanda na kushuka), kisha chukua ngazi ndogo kabisa inayobeba jumla hiyo.

Kuna pia vimo vya balaa. Kwa kuwa mapigo yanatumwa kwa jozi, mwangwi wa pigo la kwanza kutoka sakafuni unaweza kurudi sawasawa na wakati kifaa kinaposikiliza pigo la pili kutoka kwenye kipimo. Hapo korelesheni, yaani kiasi ambacho mwangwi wa mapigo mawili unafanana, inaporomoka bila sababu inayoonekana, maji yakiwa shwari na vumbi likiwa la kutosha. Dawa ni kubadilisha upeo wa kasi, kwani unabadilisha nafasi kati ya mapigo, au kuinua kichwa sentimita chache. Ubaya wake ni kwamba sakafu yenyewe husogea. Matuta madogo ya mchanga yanapita chini ya fremu, miguu inachimbika na kuzama, na kimo kilichokuwa salama siku ya kwanza kinageuka kibovu. Kwa bahati nzuri faili la vichwa vya mikupuo lina umbali kutoka kwenye kichwa hadi sakafu, mwanzoni na mwishoni mwa kila mkupuo. Safu hizo zisomwe kabla ya kitu kingine chochote. Zinakuambia kama unalinganisha vimo tofauti ukidhani ni kimoja, na zaidi ya hapo zinakuchorea sakafu ikipanda na kushuka, data ambayo hukuilipia.

Kuhusu fremu: miguu iwe mbali, na kipimo kisikae nyuma ya mguu wowote kwa mwelekeo wa mkondo, wa kujaa wala wa kupwa. Kwenye toleo la kichwa chenye waya, dira na kipimo cha mwinamo vimo ndani ya silinda yenye betri na elektroniki, havimo kichwani. Ukifunga kichwa upande mmoja na silinda upande mwingine, kifaa kitakupa mwinamo wa silinda. Pima pembe kati yao kwa mkono na uiandike. Na rekodi katika mhimili wa kifaa chenyewe, usiruhusu kigeuze kwenda kaskazini na mashariki papo hapo. Kugeuza utafanya mezani, ukiwa na nafasi ya kurudia.

Mwinamo ndio adui mkubwa wa data hizi, na si kwa maneno tu. Chukua mawimbi yanayosogeza maji sakafuni kwa sentimita 30 kwa sekunde (mzizi wa wastani wa mraba), na kichwa kilichoinama nyuzi 2, kitu ambacho jicho la mzamiaji halioni. Sehemu ya mwendo wa mlalo inaingia kwenye mwendo wa wima kwa asilimia 3.5. Ukizidisha mabadiliko ya mlalo kwa ya wima kutafuta mkwaruzo, mwinamo huo peke yake unazaa paskali 3.2 za uongo, zaidi ya mara ishirini ya kizingiti cha mchanga wetu. Kwenye mkondo mtupu usio na mawimbi, kugeuza data mpaka wastani wa mwendo wa wima uwe sifuri kunatibu sehemu kubwa. Kwenye mawimbi haitoshi. Trowbridge alipendekeza mwaka 1998 kutumia vichwa viwili vilivyotenganishwa kwa umbali unaozidi ukubwa wa mizunguko lakini ulio mfupi kuliko wimbi, kisha kutoa kimoja kwenye kingine: wimbi linajifuta, msukosuko unabaki. Inafanya kazi, ila maana yake unanunua vifaa viwili. Mwenye kifaa kimoja kwenye ufuko wenye mawimbi asitegemee njia ya kuzidisha.

Njia nyingine zipo, na tunashauri zote zihesabiwe. Nishati ya msukosuko kwa pande zote tatu, mara densiti, mara 0.19, kwenye mkondo usio na mawimbi inatoa mkwaruzo bila kujali sana mwinamo. Udhaifu wake ni kelele: mikono ya kifaa imepangwa kwa namna ambayo mwendo wa mlalo una kelele nyingi kuliko wa wima, na kelele hiyo inahesabiwa kama msukosuko usipoitoa kwa kuangalia mwisho wa spektra (mchoro unaoonyesha mabadiliko ya polepole na ya haraka yana nguvu kiasi gani), pale mstari unapoacha kushuka na kulala. Kim na wenzake, katika kazi ya mwaka 2000, walipendelea kutumia mwendo wa wima peke yake: wastani wa mraba wake, mara densiti, mara 0.9. Kwa mabadiliko ya wima ya sentimita 1.3 kwa sekunde unapata paskali 0.16, palepale penye kizingiti. Kama una kifaa kimoja na huna hakika na mwinamo, hii ndiyo tungeanza nayo. Majibu ya njia hizo yakipishana kwa asilimia 20 au 30, endelea na kazi. Yakipishana mara tatu, tafuta kosa kabla ya kuchora mchoro wowote.

Usafishaji wa data hauna siri. Tupa vipimo vyenye korelesheni chini ya asilimia 70, ondoa miiba (namba zinazoruka ghafla kupita kiasi) kwa njia ya Goring na Nikora ya mwaka 2002, na mkupuo uliopoteza sehemu kubwa ya vipimo uache kabisa badala ya kuujaza viraka. Mashaka ni pale miiba inapojazana wakati wa mikondo mikali tu: huenda ni viputo vya hewa, au kichwa kinatetemeka kwenye mkono mrefu wa fremu. Mtetemo huonekana kwenye spektra kama kilele chembamba kisichohama mkupuo hadi mkupuo. Maji maangavu mno yana shida ya kinyume, hayana vumbi la kurudisha mwangwi, na hakuna mpangilio wa programu utakaoliponya hilo. Tope zito kama uji nalo humeza sauti.

Vector peke yake kinakuambia maji yalifanya nini. Hakikuambii mchanga ulifanya nini. Kina milango miwili ya vifaa vya nje, na mmoja unafaa kupewa kihisi cha mwanga kama OBS-3+ ya Campbell Scientific, ili mwendo na uchafu wa maji viandikwe kwa saa moja. Bila saa moja huwezi kuzidisha mabadiliko ya mwendo wa wima na ya mashapo, na hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kama mfyatuko fulani ulibeba kitu. Kihisi kikae kimo kile kile cha kipimo, pembeni, nje ya njia ya sauti. Kisawazishwe kwa mashapo ya sakafu ile ile, kwani mwanga hujibu eneo la chembe kuliko uzito wake: gramu ya tope inang'aa mara nyingi zaidi ya gramu ya mchanga. Kioo kikishaanza kuota ukoga, namba hupanda taratibu hata maji yakiwa yametulia. Mstari wa chini ukipanda siku hadi siku bila kushuka wakati maji yanapolala, hayo si mashapo.

Nguvu ya mwangwi ya Vector chenyewe inaweza kusaidia kama kihisi cha pili, na kwa mchanga wakati mwingine ni bora kuliko mwanga. Nayo inadai sampuli za maji za kuisawazishia.

Hata hivyo mseto huu una upofu ambao ni lazima mnunuzi aujue. Mchanga wa milimita 0.2 huanza kubingirika kwenye paskali 0.15, lakini ili msukosuko uweze kuushikilia juu, kasi ya mkwaruzo inatakiwa ikaribie kasi yake ya kuzama, na hiyo ni paskali 0.5 hivi. Kati ya namba hizo mbili, kwenye mkondo usio na mawimbi, mchanga unatembea, matuta yanahama, na kihisi kilichopo sentimita 15 juu hakina habari. Anayesoma OBS kutafuta mwanzo wa mwendo atakitangaza kizingiti mara tatu juu ya ukweli. Kwa mchanga wa aina hiyo ongeza kamera inayotazama sakafu, au maikrofoni ya majini kama ni changarawe. Tope ni habari nyingine: likishang'oka linabaki juu kwa saa nyingi, kwa hiyo kihisi kinaona mwanzo wake vizuri, lakini kizingiti chake kinategemea limelala muda gani na limeshikana vipi, na mchoro wa Shields haulihusu.

Kwa kulinganisha, Vectrino ya kampuni hiyo hiyo ina kipimo kidogo zaidi, sentimita 5 tu kutoka kichwani, na ni bora kwenye mfereji wa maabara. Baharini ukaribu huo ni hatari kwa mikono yake. Vifaa vinavyopima safu nzima ya maji kutoka juu havifai kwa sakafu: vyenye miale ya nyuzi 20 hupoteza asilimia 6 ya mwisho ya kina kwa mwangwi wa sakafu, na sehemu hiyo ndiyo tunayoitaka.

Kabla ya kukishusha, jaza ndoo kubwa maji, koroga kijiko cha udongo laini, acha maji yatulie dakika kadhaa, kisha endesha ukaguzi wa kichwa kwenye kompyuta. Mikono yote mitatu ionyeshe kilele kwenye umbali mmoja na kimo kinachokaribiana, korelesheni iwe juu ya asilimia 90, na wastani wa kasi ukae karibu na sifuri. Kilele cha mkono mmoja kikiwa kimesogea kando ya vingine viwili, mkono huo umepinda na hesabu ya kiwandani haiuhusu tena: kirudishe kwa mtengenezaji, usikishushe.